Baraza la watoto, kiti kwenye kikao cha shauri, au vijana washauri: uanze na kipi?

Vikao vya ulinzi wa mtoto nimevikalia miaka mingi, hata mpangilio wa meza nimeukariri. Mwenyekiti katikati. Pembeni yake afisa ustawi wa jamii na faili lake, kisha askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, mwalimu, mtendaji wa kata, msimamizi wa makao ya watoto. Maji ya chupa yanagawiwa, karatasi ya mahudhurio inazungushwa. Mtoto mwenyewe anayezungumzwa yuko nje kwenye benchi. Akiitwa, huitwa mwishoni, kuambiwa.

Siku hizi kila andiko la mradi lina sura ya ushiriki wa watoto na vijana, na wenzangu wa halmashauri na wa mashirika madogo wananiuliza swali moja: tuanzishe nini? Tuunde baraza la watoto? Tumwingize mtoto kwenye kikao cha shauri lake? Au tuwatafute vijana waliokulia makao watushauri? Mara nyingi fedha na muda vinatosha kimoja tu. Nimeshafanya vyote vitatu, viwili kati yake nikavikosea kabla ya kuvipatia, na ninakoegemea nakusema mapema: anza na kiti cha mtoto kwenye kikao cha shauri lake. Kuna mahali jibu hilo halifai, nitapafikia.

Suala la kama sheria inaruhusu tulipite haraka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 12 inampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inakwenda karibu zaidi na kazi yetu: inataja kusikilizwa, na inataja kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Kwa hiyo anayedhani anamfanyia mtoto hisani kwa kumwita kikaoni hajaisoma.

Uamuzi upi uko tayari kuugawa?

Kosa linalojirudia ni kuchagua chombo kwanza, halafu kukitafutia kazi. Anza na uamuzi. Upo uamuzi wa mtoto mmoja: akae kwa nani, asome wapi, ndugu zake awaone lini, arudi nyumbani au aende kwa mlezi wa kuaminika. Upo wa mahali: makao yana kanuni gani, simu ya kwa bibi inapigwa siku ipi, adhabu ni ipi. Na upo wa mfumo: miongozo, bajeti ya halmashauri, mafunzo ya maafisa. Baraza la watoto la kata haliwezi kuamua mtoto fulani alelewe na nani, wala halipaswi hata kulijua jina lake. Na mtoto aliyeingia kikaoni akiwa na hofu ya kutenganishwa na mdogo wake, usimuulize habari za bajeti.

Profesa Laura Lundy wa Belfast, mwaka 2007, aliichambua ibara ya 12 katika vipande vinne ambavyo mimi navitumia kama rula. Mtoto ana nafasi ya kusemea? Anasaidiwa kusema? Yupo wa kumsikia, tena mwenye mamlaka? Alichosema kinahesabiwa? Vyombo vyetu vingi vinafaulu viwili vya kwanza na kufeli viwili vya mwisho.

Baraza la watoto

Hiki ndicho chombo tunachokijua zaidi. Mabaraza yapo ngazi ya mtaa na kijiji, kata, wilaya, mkoa, hadi Baraza la Watoto la Jamhuri ya Muungano. Nguvu yake ni wingi na mwendelezo. Viongozi wanachaguliwa na watoto wenzao, wanajifunza kuendesha kikao na kuandika muhtasari, na wanaibua mambo yanayowagusa wengi: vyoo vya shule, njia yenye pori wanayopita saa kumi na moja alfajiri, bodaboda wanaowasumbua wasichana. Kwa mambo ya namna hiyo sijaona kinacholishinda.

Udhaifu wake uko kwenye orodha ya wajumbe. Anayechaguliwa ni kiranja, ni msemaji mzuri, ni yule ambaye mama yake anamruhusu kutoka Jumamosi. Mtoto anayefanya kazi za ndani hana Jumamosi. Wa makao ya watoto anahitaji ruhusa ya meneja, na meneja ndiye huenda angelalamikiwa. Kwa hiyo unaweza kuwa na baraza hai, lenye bendera na fulana, na ndani yake asiwepo hata mmoja ambaye ustawi wa jamii umewahi kumwamulia jambo.

Halafu kuna 16 Juni. Siku ya Mtoto wa Afrika ilitangazwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1991 kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto walioingia barabarani mwaka 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaansi. Hao hawakusubiri kupewa kipaza sauti. Sisi tunaiadhimisha kwa kumpa mtoto mmoja risala amsomee mgeni rasmi. Nami niliwahi kuandika risala ya namna hiyo, usiku wa kuamkia sherehe, kurasa mbili. Msichana aliyeisoma aliisoma vizuri mno. Alijikwaa neno moja tu, "mtambuka", na hakuna kati yetu aliyekuwa amemweleza maana yake. Mgeni rasmi alisema ameguswa. Roger Hart, aliyeandikia UNICEF mwaka 1992, alichora ngazi ya ushiriki yenye vidato vinane, na vitatu vya chini alivikataa kabisa kuviita ushiriki: kutumiwa, kuwa pambo, na kuwekwa kwa jina tu. Risala yangu ilikuwa imesimama hapo chini.

Tulichobadilisha baadaye hakikuhitaji fedha. Baraza lilipewa haki ya jibu la maandishi: likipeleka ombi, ofisi husika inajibu ndani ya mwezi, ndiyo au hapana, na sababu. Na 16 Juni ikawa inaanza kwa mtoto kusoma maombi ya mwaka uliopita na majibu yake. Mwaka wa kwanza maombi manne hayakuwa na jibu lolote, na yalisomwa hivyo hivyo mbele ya meza kuu. Ukimya ulioingia pale ulifanya kazi kuliko risala yangu.

Kiti kwenye kikao cha shauri

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo maisha ya mtoto yanapokatwa na kushonwa.

Chukua mfano huu, nimeondoa yanayomtambulisha. Msichana wa miaka kumi na tano, amekaa makao miaka mitatu. Baba mdogo amepatikana mkoa mwingine, ana kazi, mke wake ameridhia, nyumba imekaguliwa. Kila fomu imekaa sawa. Kikao kikaamua ahamie huko Septemba. Akaitwa.

"Mwanangu, baba yako mdogo amekubali kukuchukua. Unapenda?"

"Ndiyo, mama."

"Una swali?"

"Hapana. Asante, mama. Shikamoo."

Kwenye muhtasari tukaandika: mtoto ameshirikishwa na ameridhia. Siku mbili baadaye mama mpishi wa makao akanipigia simu. Mtoto hali. Kumbe yuko Kidato cha Pili, ameshasajiliwa mtihani wa taifa wa Novemba hapo hapo shuleni kwake, na amepiga hesabu zake: akihama Septemba, mtihani umempita na atarudia mwaka. Kwa baba mdogo anataka kwenda, tena sana. Ila aende Desemba. Watu wazima tisa, mwalimu akiwemo, hakuna aliyeiona Novemba. Yeye aliiona, lakini amefundishwa tangu mdogo kwamba mkubwa akikuuliza "unapenda?" jibu la adabu ni ndiyo.

Kikao kikaitishwa upya, naye akakaa mezani tangu mwanzo. Tarehe ikawa wiki ya pili ya Desemba. Hakutugharimu ila nauli ya wajumbe mara ya pili.

Ndiyo maana nasema mtoto kwenye kikao chake si mgeni wa heshima. Ana taarifa ambazo faili halina. Anajua ni shangazi yupi hupokea simu na yupi huizima, ni kitanda kipi kinavujiwa, mdogo wake analala akimshika nini.

Wenzetu wengine wameliwekea sheria. New Zealand, mwaka 1989, iliweka mkutano wa familia kuwa hatua ya kisheria, kwa kuchota kutoka desturi za Wamaori: maafisa wanatoa taarifa zao, kisha wanatoka nje, familia na ukoo wanabaki peke yao watengeneze mpango. Msomaji atasema hicho ni kikao cha ukoo, tunacho tangu enzi za mababu. Kweli tunacho. Tofauti ni kwamba kwenye kikao cha ukoo mtoto ndiye anayepanga viti, anawanawisha wajomba mikono, halafu anaambiwa akacheze. Ukitaka kutumia kikao cha ukoo, na mimi napenda kitumike, mzigo wa kwanza ni kumpata mzee mmoja atakayesema hadharani, "Leo huyu atakaa na sisi." Akisema afisa haina uzito huo.

Marekani nako sheria ya serikali kuu ya mwaka 2014 inataka mtoto wa miaka 14 na kuendelea aliye kwenye malezi ya kambo, yaani anayelelewa kwa muda na familia isiyo yake, ashirikishwe kuandaa mpango wake, na anaweza kuchagua watu hadi wawili waingie kwenye timu ya mpango huo, wasiwe mlezi wake wala afisa wake. Kipengele hiki cha watu wawili nimekiiba bila aibu. Kinabadilisha hewa ya chumba. Yule msichana wetu, tulipofanya kikao cha kumfuatilia, alimchagua mama mpishi. Mama huyo hakuwahi kualikwa kikao chochote, na alikuwa anajua kuliko sisi sote.

Umri wa miaka 14 lakini nisingeuchukua. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni ya Jumla Namba 12 ya mwaka 2009, inazishauri nchi zisiweke kikomo cha umri. Wa miaka sita hatakaa mezani saa mbili, ila ukitembea naye nyumba anayotaka kupelekwa atakuonyesha kwa kidole chumba asichotaka kuingia.

Matayarisho ndiyo kazi yenyewe. Mtembelee siku chache kabla, bila faili. Mweleze nani atakuwepo na kila mmoja anaamua nini. Muulize jambo gani hataki litajwe mbele ya watu. Mengi tunayoyasoma kwa sauti kwenye vikao ni aibu ya mtoto na hayahitajiki kwa uamuzi. Mwambie ukweli kuhusu yasiyojadilika: kama mahakama imeshazuia asikae na mtu fulani, usimpe matumaini ya kura. Mpe nafasi ya kusema mapema, si baada ya mwenyekiti kutoa mwelekeo. Mpe pia haki ya kutokuja, na mtu wa kumsemea akitaka. Uamuzi ukienda kinyume na ombi lake, yule aliyeamua amweleze sababu ana kwa ana, siku hiyo hiyo. Kazi hiyo asiachiwe mlinzi wa makao.

Hatari zipo na si ndogo. Usimkalishe mtoto chumba kimoja na anayetuhumiwa kumdhuru. Hapo achukuliwe maelezo pembeni na mtu mmoja aliyefunzwa, mara moja, asirudierudie. Na lile swali la "unampenda nani, baba au mama?" lifutwe kwenye vinywa vyetu. Mtoto akilijibu, lawama ya upande mmoja ataibeba yeye hadi ukubwani.

Vijana waliopitia malezi, wakiwa washauri

Hawa si watoto tena, wana miaka 18 hadi ishirini na kitu, na wamelelewa makao, kwa walezi wa kuaminika au malezi ya kambo. Kenya wametutangulia: Kenya Society of Care Leavers, chama cha vijana wenyewe waliotoka makao, kipo tangu 2009, na nchi hiyo sasa inatekeleza mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuhamisha malezi kutoka makao kwenda familia na jamii. Katika mjadala wa namna hiyo, mtu aliyeishi makao miaka kumi na miwili anajua kitu ambacho mshauri mwelekezi hawezi kukipata kwa dodoso.

Kwa mfano siku ya kuondoka. Kwenye miongozo tunaiita hatua ya kujitegemea. Kijana ataieleza kwa vitu: begi moja, cheti cha kuzaliwa ambacho hakijulikani kilipo, fomu ya kitambulisho cha taifa inayouliza habari za wazazi ambao hana cha kuandika juu yao, na Idi au Krismasi ya kwanza bila pa kwenda. Ukimwita kijana wa hivyo aupitie mwongozo wako wa kuunganisha watoto na familia, atakuonyesha mashimo kwa saa moja.

Ndicho chombo chenye uzito mkubwa kwa maamuzi ya mfumo, na ndicho rahisi kuliko vyote kukiharibu. Kinaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni posho. Nilikuwepo kwenye warsha moja ya siku mbili. Jioni karatasi ya posho ikazunguka, watu wazima wakasaini, ilipofika kwa vijana wawili washauri ikarukishwa, wakapewa soda, biskuti na cheti cha ushiriki. Mmoja alikuwa amefunga kibanda chake cha kuchomelea siku mbili ili aje. Mwezi uliofuata hakuja, na kwenye ripoti ikaandikwa kuwa vijana hawana mwamko. Kama mtu ni mshauri, mlipe kama mshauri, mpe makabrasha wiki moja kabla kama unavyowapa wengine, na mweke wawili au watatu, asiwe peke yake kati ya suti kumi.

Ya pili ni kusimulishwa. Wafadhili wanakuja, kijana anaombwa "atueleze alivyopita", anaeleza, watu wanalia, picha zinapigwa. Akimaliza kueleza anaambiwa akae, na mjadala wa sera unaanza bila yeye. Mimi nina kanuni moja kwa ofisi yoyote inayoniuliza: usimwombe kijana habari zake, mwombe maoni yake. Akitaka kutoa mfano wa maisha yake ni hiari yake, na picha isipigwe.

Uskochi ilifanya jambo hili kwa ukubwa tusioweza kuuiga kwa fedha, lakini la kuangalia. Mapitio yao huru ya mfumo wa malezi, 2017 hadi 2020, yalisikiliza watu zaidi ya 5,500, na zaidi ya nusu walikuwa watoto, vijana na watu wazima waliopitia malezi hayo pamoja na familia. Mapendekezo ya kubadilisha mfumo yaliandikwa kuanzia walipokuwa wanaumia wao.

Nikiviweka ubavu kwa ubavu

Kwa gharama, kiti ni nafuu kuliko vyote: nauli, chakula, na saa mbili tatu za afisa kumtayarisha mtoto. Baraza linahitaji mlezi wa kudumu na fedha kila robo mwaka, la sivyo linafufuka kila Juni tu. Washauri vijana wanahitaji mkataba na malipo, na mtu wa kuwashika mkono pale kazi inapowafungulia vidonda.

Kwa kasi ya matokeo, kiti tena: siku hiyo hiyo tarehe inabadilika au haibadiliki. Kwa upana, kiti ndicho kinashindwa, maana kinabadilisha maisha ya mmoja na mfumo unabaki vile vile. Hapo ndipo baraza na washauri wanakipita.

Kwa hatari, kiti ndicho kikali zaidi kikifanywa ovyo, kwa sababu kinamgusa mtoto akiwa katikati ya tatizo. Kijana wa miaka ishirini na mbili ameshapata pumzi. Baraza lina hatari ndogo kwa mtoto na hatari kubwa ya kuwa maonyesho.

Sanduku la maoni na simu ya bure ya msaada kwa mtoto, 116, sijaviweka kwenye mizani. Vyote vinatakiwa viwepo, hasa 116, kwa sababu mtoto lazima awe na pa kulalamika nje ya wanaomlea. Ila kulalamika ni jambo jingine. Na kama ufunguo wa sanduku uko kwa meneja wa makao, unajua kitakachokuwemo ndani.

Basi, ukiwa afisa wa halmashauri mwenye mashauri mezani na bajeti ya nauli tu, anza na kiti. Chukua mashauri matatu, usichukue thelathini. Ukiwa shirika linaloandika mwongozo au kushauri wizara, usianze na kitu kingine ila vijana washauri, na waingie kabla rasimu haijaandikwa. Ukiwa kata yenye shule nne na matatizo yanayofanana, baraza linakutosha, mradi utafute kwa makusudi watoto wasio viranja na uwawekee siku wanayoweza kufika.

Na pale niliposema jibu langu halifai ni hapa: wilaya ambako afisa ustawi ni mmoja kwa kata zote, na vikao vinakaa baada ya mtoto kuwa ameshahamishwa, kuweka muhuri. Ukimwita mtoto kwenye kikao cha hivyo unamwita kushuhudia. Huko rekebisha kalenda ya vikao kwanza, ikibidi kaa miezi mitatu bila kumwalika mtoto yeyote, uamuzi uwe unafanyika kikaoni kweli. Kisha peleka benchi la nje ndani.